Nimpigieje debe mwalimu wa maigizo wakati sanaa siijui?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mkuu wa sekondari ya kata huku Kilosa. Tangu mwaka juzi kuna kijana anakuja kila Jumatano baada ya vipindi kufundisha klabu yetu ya maigizo. Ana stashahada ya chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Halipwi, tunampa nauli ikipatikana. Sasa ameomba kazi kwenye shirika linalozunguka mashuleni kufundisha stadi za maisha kwa njia ya maigizo. Wanataka barua ya mdhamini, naye ameniomba mimi. Kazi yake naiona, ila mimi ni mtu wa hesabu. Nikikaa kuandika napata "ni mchapakazi, ana nidhamu, anashirikiana na wenzake", hapo kalamu inagoma. Mwaka jana kwenye mahafali watoto walicheza igizo la bodaboda wanaowapa wasichana lifti, mwenyekiti wa kijiji akasimama kusema, hata mimi nikajikuta naulizwa mbona tunawaachia wanafunzi jioni sana. Ana kasoro pia: haweki kumbukumbu za maandishi, na kuna siku mazoezi yalipitiliza mpaka wazazi wakanipigia simu. Niyataje? Au aandikiwe na msanii mwenye jina?
Mkuu wa Shule, Kilosa

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na hilo la mwisho. Msanii mwenye jina atasema kijana anaigiza vizuri, na shirika hilo halitafuti mwigizaji. Nimefundisha uigizaji miaka mingi. Nimeona watu wanaoweza kuangusha ukumbi mzima kwa kicheko lakini ukiwapa kundi la watoto wa kidato cha kwanza, nusu saa haiishi wameshaanza kupiga kelele na kutafuta fimbo. Anayejua kama kijana huyu anaweza watoto ni wewe uliyemwona Jumatano hadi Jumatano. Andika wewe.

Hayo ya "mchapakazi" na "ana nidhamu" yafute. Nimekaa kwenye kamati za kuchagua watu, nakuhakikishia macho huyaruka. Ndiyo hayo hayo wanayoandikiwa mhasibu, dereva na mlinzi wa geti.

Barua yako iko kwenye yale mahafali, na umeyataja kwa haraka kana kwamba ni jambo dogo. Mtoto wa sekondari ya kata amemfanya mwenyekiti wa kijiji asimame, na mkuu wa shule ajieleze mbele ya wazazi, bila mtu kutukanwa. Hilo halitokei lenyewe. Nenda kaulize wanafunzi wako mambo matatu kabla hujaandika.

La kwanza, habari ya bodaboda ilitoka kwa nani? Kama kijana alikuja na mchezo mfukoni akawakaririsha, ni kazi ya kawaida tu. Kama aliwakalisha, akawauliza nini kinawazuia kusoma, akasikiliza, wao wenyewe wakalitoa na kulitunga, basi anafanya kazi yenye historia ndefu hapa kwetu. Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996 kwa misingi hiyo: wasichana wa sekondari wanayachambua matatizo yao, wanayatungia igizo, wanalionesha mbele ya walimu, kisha panafuata mjadala. Na kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wana sanaa wa chuo hicho walikwenda Malya kule Mwanza kufanya kazi ya namna hiyo na wanakijiji. Mtu yeyote wa fani hii akisoma barua yako atatafuta alama hizo. Usitaje majina ya nadharia. Sema tu mada ilipatikanaje.

La pili, mwenyekiti aliposimama, kijana alifanya nini? Hapo vijana wengi waliotoka chuoni hukimbilia kujibu wenyewe, maana jukwaa ni lao na tai wamevaa. Mwezeshaji mzuri huligeuza swali kwa watoto na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

La tatu ndilo ningelitafuta mimi kuliko yote. Katika klabu ile huenda kuna binti ambaye lifti hizo zimemkuta kweli. Je, alisimamishwa kuigiza masaibu yake mbele ya kijiji? Mwalimu anayejua kazi hubadilisha mazingira na majina, humpa sehemu ile mtu mwingine, na pengine mvulana ndiye anayecheza msichana ili watu wacheke kwanza ndipo wafikiri. Kama aliliangalia hilo, liandike. Stashahada haiwezi kulionesha. Pale Bagamoyo mtu husomea uigizaji, ngoma, muziki na mengine, lakini cheti hakisemi atafanya nini mtoto akianza kulia katikati ya mazoezi.

Ukishapata majibu, aya yako kuu inaweza kuwa hivi, kama ndivyo ilivyokuwa: "Wanafunzi waliichagua mada wenyewe baada ya mazungumzo ya wiki kadhaa. Siku ya onesho, kiongozi wa kijiji alipouliza swali kali, aliwaachia wanafunzi wajibu. Baada ya mjadala ule tulibadili saa ya kufunga vipindi vya jioni." Lakini sentensi ya mwisho iandike tu kama mlibadili kweli, mwalimu! Kama bado, una kazi nyingine mbali na barua. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu, fungua daftari la mahudhurio: wangapi walianza klabu, wangapi wamebaki. Takwimu hizo wasanii huwa hatuna.

Kasoro zitaje zote mbili, ila mwambie yeye kwanza, uso kwa uso. Hilo la kumbukumbu haliwezi kufichika. Shirika litamtaka ripoti mwezi wa kwanza, na ukilificha watarudi kukuuliza wewe. Andika kwamba anahitaji kusimamiwa kwenye ripoti. La kuchelewesha watoto ni zito zaidi, maana wasichana wanatembea gizani, tena kwa kuandaa mchezo wa bodaboda! Alirekebisha baada ya wazazi kupiga simu? Kama ndiyo, ni sifa, kwa sababu kijana anayekubali kuambiwa ni nadra kuliko anayeigiza vizuri. Kama hakurekebisha, subiri arekebishe ndipo utie sahihi. Taja pia kama anafundishia mahali pa wazi na kama kuna mwalimu wa kike anayekuwepo. Wanaofanya kazi na watoto watakuuliza.

Mengine ni madogo. Ukurasa mmoja unatosha. Mwombe tangazo la kazi ulisome. Usikubali ule mtindo wa "niandikie mwenyewe, mimi nitasaini", unajulikana kwa mbali. Umri wake usiufiche, wala usimfanye mtaalamu. Sema ni chipukizi na useme umeona nini. Wakitaka Kiingereza, andika kwanza kwa Kiswahili, uyapange mambo, ndipo uhamishe. Weka muhuri wa shule na namba ya simu unayoipokea.

Na akipata kazi, kabla hajaondoka, mpangie mwalimu mmoja wa shule akae naye kwenye mazoezi ya Jumatano muhula mzima, bila kuwa msimamizi, ashiriki. Vinginevyo klabu itaondoka naye.