Pesa za utafiti za ndani ya chuo

Umeuliza kama mhadhiri msaidizi asiye na machapisho mengi anaweza kuomba pesa za utafiti za chuo chenu. Omba ndugu yangu, tena anzia huko huko, vyuo kama UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) vinazo pesa zao za kushindaniwa na hapo unapambana na wenzako wa chuoni tu sio dunia nzima. Ila soma tangazo vizuri, kama wanataka kiongozi wa mradi awe na PhD mtafute dokta hapo idarani uingie kama mtafiti mwenza.

Kinachoangusha wengi ni bajeti. Mtu anaandika "gharama za fildi milioni 5" basi, sasa wanaosoma maombi watajuaje hiyo hela inaenda wapi? Andika wadadisi (wakusanya data) wanne, siku kumi, posho kwa viwango vya chuo, mafuta ya gari, nauli, kila kitu mstari wake. Na tatizo la utafiti lieleze hata mtu wa kilimo akisoma ya kwako ya isimu (taaluma ya lugha) aelewe. Kibali cha maadili ya utafiti kifuatilie mapemaaa, maana kikichelewa pesa inakaa tu na mwaka wa fedha unafungwa Juni 30.