Umebadilisha kemshafti mwenyewe na pikipiki inasumbua: anza kukagua hapa

Pikipiki ilikuja inatembea, ila inagonga juu kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Ukafungua, ukakuta kemshafti (kemu, mhimili unaofungua na kufunga valvu) imelika, ukanunua mpya, ukafunga. Sasa haiwaki, au inawaka kwa shida na ukiachia mafuta inazima. Vijana wengi wanaoanza ufundi, na hata madereva wanaojifungulia injini wenyewe, wakifika hapo wanakimbilia duka la spea. Naomba usiende dukani kwanza. Kabureta, koili na plagi vilikuwa vinafanya kazi jana, na wewe hukuvigusa. Ulichogusa ni hedi. Tatizo litafute huko.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili gereji niliifunga kemshafti ya pikipiki ya bodaboda mmoja, ikawa inapiga mafuta kurudi kwenye kabureta na kulipuka kwenye ekzosi. Nikamwambia anunue plagi. Kisha koili. Kisha nikafungua kabureta mara mbili. Siku tatu yule kaka hakuingiza hata shilingi, na fedha ya hesabu ya tajiri wake ilikuwa inamsubiri. Fundi aliyekuwa akinifundisha alipokuja alifungua kifuniko cha gia ya kemu, akatazama alama, akasema, "Umeruka jino." Nusu saa baadaye ikawaka kwa kiki moja. Vile vifaa alivyonunua havikuwa na kazi yoyote.

Kilichonipoteza ni cheche. Nilichomoa plagi, nikaiona inatoa moto mzuri, nikaamini taimingi, yaani mpangilio wa kemu na pistoni, iko sawa. Kwenye hizi injini ndogo za silinda moja, moto wa plagi hupangwa na magneto iliyo kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Kemu ina kazi nyingine, ya kufungua na kufunga valvu. Unaweza kuwa na cheche safi kabisa wakati valvu zinafunguka saa isiyo yake. Na jino moja si kitu kidogo. Gia ya kemu ikiwa na meno 34, jino moja ni kama digrii 10.6 za kemu, na kwa kuwa krenki huzunguka mara mbili kemu ikizunguka mara moja, pistoni inakuwa imepishana na valvu kwa digrii kama 21. Hapo kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inashuka, kuwaka kunakuwa kwa bahati, na ukikosea meno mawili matatu valvu inaweza kugonga pistoni ikakunjika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurudi kwenye alama. Chomoa plagi ili injini iwe nyepesi. Zungusha magneto kwa spana, kuelekea upande ambao injini huzunguka ikiwaka, mpaka herufi T ikae sawasawa na alama ya kwenye kava. Angalia vizuri: karibu na T kuna F, na F ni ya moto wa plagi. Wageni wengi wanafunga kemu kwenye F na kushangaa. T ikishatulia, alama za gia ya kemu nazo zikae zinapotakiwa na kitabu cha injini yako, maana kuna zinazolingana na uso wa hedi na kuna zenye nukta inayotazama mkato. Cheni inayounganisha krenki na gia ya kemu ina tenshena, kifaa cha kuikaza; upande wake usio na tenshena uwe umevutika. Ukiwa umelegea wakati unapanga, tenshena ikikaza inakuhamishia jino. Ukimaliza, zungusha kwa mkono krenki mizunguko miwili kamili kisha soma alama tena. Ukihisi chuma kimegota chuma, acha hapohapo. Kiki haina huruma, itamalizia kukunja kile ambacho mkono ulikuonya.

Tenshena yenyewe ichomolewe kabla ya kutoa gia, na irudishwe ndani kabla ya kuifunga. Ukiisahau, ama cheni italia kama inasagwa, ama italegea na kupiga ubavuni mwa silinda.

Alama zikiwa sawa na bado kiki ni nyepesi, nenda kwenye tapeti, skrubu za kurekebisha nafasi kati ya valvu na roka (mkono unaosukumwa na kemu ili ufungue valvu). Mtu anafunga kemu mpya na roka mpya akiacha tapeti zilivyokuwa wakati vitu vimelika. Nafasi iliyokuwepo inakwisha, valvu inabaki imefunguka kidogo muda wote, kompresheni inatoroka. Legeza zote mbili kabla ya kufunga kemu, kisha seti injini ikiwa baridi, pistoni iko juu na roka zote mbili zinacheza. Pikipiki nyingi za hapa hutaka kati ya milimita 0.05 na 0.10, na mara nyingi valvu ya ekzosi hupewa nafasi kubwa kuliko ya inleti, ile ya kuingiza mafuta. Tumia fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Sikio na vidole vya mgeni bado havijajua tofauti hiyo.

Sasa jambo ambalo naliona linapuuzwa kuliko yote. Kemshafti ya zamani ilikufa kwa nini? Kemu hailiki hivihivi ikiwa inapata oili. Injini hizi hubeba takriban lita moja tu, na oili hiyohiyo ndiyo ya gia na klachi, kwa hiyo vumbi la sahani za klachi linazunguka nayo na kuziba chujio. Ikipungua kidogo, hedi ndiyo inayokauka mapema kwa kuwa iko mbali na pampu. Kuna injini niliyoifunga vizuri, taimingi safi, tapeti safi, ikarudi baada ya wiki chache na kemu mpya imechimbika. Nilikuwa nimepaka silikoni nyingi kwenye gasketi, ikajikamua ndani na kuziba tundu la oili linalopanda hedi. Tangu siku hiyo sipaki silikoni karibu na tundu la oili, na kila tundu nalipuliza kwa upepo kabla ya kufunga.

Na roka je? Pitisha kucha kwenye uso wake unaogusa kemu. Kucha ikikwama, roka hiyo itaichana kemu mpya, hata kama oili ni tele. Mteja akisema hana fedha ya roka, mwambie asubiri azipate ndipo ufunge vyote pamoja.

Kabla ya kufunika, paka oili safi kwenye kemu na roka. Washa ukiwa umefungua kifuniko kimoja cha tapeti, injini ikiunguruma taratibu, na uangalie kwa tochi. Ndani ya dakika moja uone oili inalowanisha roka. Usipoiona, zima. Ukiiona, funga, mruhusu dereva aende, na umwambie arudi baada ya siku tatu za kazi. Akirudi, acha injini ipoe, pima tapeti tena na umulike mgongo wa kemu. Ukiwa laini na unang'aa, mpe funguo zake. Ukiona michirizi, pikipiki hiyo inabaki gereji mpaka ujue oili inakwama wapi.