Watoto wa kipaimara wakiuliza umri wa Isimila

Mwalimu mmoja wa kipaimara, Iringa, ameniandikia. Watoto wametoka kutembelea Isimila, eneo la zana za mawe za kale karibu na Iringa, wakaambiwa mashoka yale ya mawe yana zaidi ya miaka 200,000, sasa wanamwuliza: mbona tumesikia dunia ina miaka 6,000?

Mwalimu, usiwaambie wanasayansi wamekisia tu. Na usikishambulie kipimo cha umri cha kaboni, maana hakikutumika. Kaboni-14 hupungua nusu kila miaka 5,730, hivyo ikipita miaka 50,000 hivi hakuna cha maana kilichobaki cha kupima. Isimila walipima mifupa kwa urani, elementi yenye mionzi, na majibu yaliyochapishwa mwaka 1972 yalikuwa takriban miaka 260,000. Urani huyeyuka katika maji, thori haiyeyuki. Mfupa ukifukiwa hunyonya urani kutoka maji ya ardhini, kisha urani ile inageuka polepole kuwa thori, elementi nyingine. Pima thori iliyojikusanya, unapata muda. Kasoro ipo: urani ikiendelea kuingia baadaye, umri unatoka mdogo kuliko ukweli, ikichujwa na maji, unatoka mkubwa. Ndiyo maana namba hiyo ina kiasi kikubwa cha kupungua au kuzidi. Lakini kasoro hiyo haiwezi kuishusha 260,000 hadi 6,000.

Waonyeshe jinsi kitu chenye mionzi kinavyopungua nusu kwa nusu. Kata boksi vipande 64, weka alama ya kalamu upande mmoja wa kila kipande. Tikisa kwenye ndoo, mwaga, ondoa vilivyolala alama juu. Vitabaki kama 32, halafu kama 16. Mara chache sana vitatimia kamili, nao wataona kwa macho kwamba bahati ya kipande kimoja haizuii utaratibu wa vyote.

Sasa ile 6,000. Biblia haina namba hiyo. Ni hesabu za watu waliojumlisha vizazi, kama Askofu Mkuu James Ussher wa Armagh, ambaye mwaka 1650 alitangaza 4004 KK. Augustino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, alikuwa tayari amefundisha kwamba siku za Mwanzo si lazima ziwe za saa 24. Hakusukumwa na maabara yoyote! Inaniuma kuona kijana anaambiwa achague kati ya Mwanzo 1:1 na mfupa, wakati aya hiyo inamtaja Muumba bila kutaja mwaka.

Watauliza pia kama waliochonga mashoka yale walikuwa na roho. Hilo thori haipimi. Zungumza na mchungaji kabla ya Jumapili, mkubaliane mtakachosema.