Kwa wanaoanza kusoma biashara ya viungo katika Ulaya ya zama za kati

Katika miaka ya kufundisha historia ya uchumi, nimewapokea wanafunzi wengi wanaoamini kwamba Wazungu wa zama zile walinunua pilipili manga ili kuficha harufu ya nyama iliyooza. Ninawaomba mnaoanza somo hili muiweke kando hadithi hiyo mapema. Pilipili manga ilitoka pwani ya Malabar, India, ikapitia Aden, Bahari ya Shamu, Cairo na Alexandria kabla ya kupakiwa katika merikebu za Venice, mji wa bandari wa Italia, huku ikitozwa ushuru njiani. Aliyemudu kuinunua alimudu pia nyama mbichi ya karibu na kwake. Nyama ilihifadhiwa kwa chumvi na moshi. Viungo vilitakiwa kwa ladha yake, kwa heshima ya meza ya mwenyeji, na kwa mafundisho ya tiba ya wakati huo, yaliyohesabu nyama na samaki wengi kuwa na ubaridi na unyevu unaopaswa kusawazishwa kwa vitu vya moto na vikavu.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba mfuate bidhaa moja kituo kwa kituo, kwa sababu wafanyabiashara wenyewe hawakuijua njia nzima. Karafuu inafaa sana, hasa kwa sisi wa Afrika Mashariki, maana wengi hudhani zilizofika Ulaya wakati ule zilitoka Zanzibar, ilhali kilimo cha mikarafuu Unguja na Pemba ni jambo la karne ya 19. Karafuu za zama za kati zilitoka visiwa vichache vya Maluku, katika Indonesia ya leo, vikiwemo Ternate na Tidore. Mveneti aliyezinunua Alexandria hakuwahi kuuona mkarafuu, na hata wafanyabiashara wa Karimi, waliotawala biashara hiyo kati ya Aden na Misri, walizipokea kutoka kwa wengine walioziokota katika masoko ya India.

Someni pia vitabu vya kazi vya wafanyabiashara kabla ya masimulizi ya wasafiri. Francesco Balducci Pegolotti, aliyeitumikia kampuni ya Bardi ya Florence, aliandika cha kwake katika nusu ya kwanza ya karne ya 14. Katika orodha yake ya viungo mtakuta shabu (madini yaliyotumika kutia nguo rangi) na nta pamoja na pilipili manga na tangawizi, kwa hiyo msihesabu kila kilichotajwa kuwa kitu cha jikoni. Karafuu zimeandikwa peke yake na makonyo yake, yaani vikonyo visivyo na thamani ya karafuu yenyewe, peke yake, jambo ambalo mkulima wa Pemba atalielewa bila kuelezwa. Mnunuzi alipaswa kulipekua gunia ajue makonyo ni kiasi gani, na mjini London walikuwapo wakaguzi waliopewa kazi ya kuchekecha viungo na kuondoa taka.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mizani. Venice ilikuwa na ratili mbili, nyepesi ya gramu 301 hivi na nzito ya gramu 477 hivi, na pilipili manga iliuzwa kwa mzigo wa ratili nyepesi 400, yaani takriban kilo 120. Anayezichanganya ratili hizo atapotosha sana hesabu ya faida, kisha ataanza kutafuta sababu za kisiasa za tofauti ambayo haikuwapo. Sababu za kisiasa zipo, lakini zitafutwe mahali pake: katika miaka ya 1420 Sultani Barsbay wa Misri aliihodhi biashara ya pilipili manga, na Waveneti wakalazimika kujadiliana na serikali yake kuhusu bei.

Kuhusu mwisho wa kipindi hiki, mwaka 1498 Mreno Vasco da Gama, aliyeizunguka Afrika kwa bahari, alifika Calicut, India, akiongozwa na rubani aliyempata Malindi, na vitabu vingi vya shule huifunga habari ya biashara ya Venice hapohapo. Msifanye hivyo. Shehena zilizopitia Misri zilipungua sana katika miaka ya mwanzo ya Wareno, lakini kufikia katikati ya karne ya 16 pilipili manga nyingi ilikuwa ikipita tena Bahari ya Shamu kwenda Alexandria, na Waveneti walikuwa wakiinunua huko kama zamani.