Swali la lugha: Katika «majahazi», mabano ya wiki yaanzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga. Pamoja na wanafunzi wangu tunakusanya maelezo ya vyombo vya baharini na zana za uvuvi katika wiki ndogo ya shule, tukitumia MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia. Kila kitu kina ukurasa wake: Jahazi, Ngalawa, Mtumbwi, Wavu na kadhalika. Neno likiwekwa ndani ya mabano [[ ]] huwa kiungo cha kwenda kwenye ukurasa wenye jina hilo. Ubishi umezuka kuhusu wingi. Wapo wanaoandika ma[[jahazi]], wapo wanaoandika [[majahazi]], na wengine huipindua sentensi ili neno libaki katika umoja. Lipi ni sahihi? Na je, maneno yenye ritifaa kama ng'ambo yaandikweje, maana mara nyingine kiungo huwa chekundu ilhali ukurasa upo?

JIBU: Kwa kawaida, Mwalimu, andikeni [[jahazi|majahazi]]. Kistari wima kilicho katikati hugawa kazi mbili ambazo wanafunzi wako wamekuwa wakizichanganya: kilicho kushoto ni jina la ukurasa, na kilicho kulia ni neno ambalo msomaji ataliona. Jina la ukurasa hufuata utaratibu wa wiki yenu, ambao mnaweza kuupanga mtakavyo mradi mwe na msimamo mmoja; neno la kulia hufuata sarufi ya sentensi, na hilo halina hiari. Ubishi mwingi wa namna hii hutokana na kulilazimisha neno moja litumikie pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Umbo la ma[[jahazi]] lina chimbuko linaloeleweka. MediaWiki ina tabia ya kumeza herufi zinazofuata mabano ya kufungia, hata zikawa sehemu ya kiungo, na tabia hiyo inawafaa sana waandishi wa Kiingereza kwa sababu wingi wao huwekwa mwishoni mwa neno, mara nyingi kwa herufi moja tu. Herufi zinazotangulia mabano, kwa mpangilio wake wa kawaida, programu haizigusi. Kwa hiyo ma[[jahazi]] hutoka ikiwa imekatika rangi: «ma» nyeusi, «jahazi» ya buluu, na jicho la msomaji hulisoma neno moja kana kwamba ni mawili.

Kasoro ya rangi, hata hivyo, ni ndogo kuliko kasoro ya sarufi. Tuseme programu ingerekebishwa ili imeze viambishi awali pia. Bado njia hiyo isingetufikisha mbali, kwa kuwa si maneno yote ambayo umoja wake ni neno la wingi lililopunguzwa silabi ya mwanzo. Kwa jahazi, kasia na nahodha inawezekana. Kwa mtumbwi, mabano yangekumba «tumbwi», ambalo si jina la ukurasa wowote. Kwa wavu na nyavu hakuna sehemu ya kuanzia inayotoa jina linaloeleweka, na hali ni hiyohiyo kwa ulimi na ndimi au jino na meno. Aliyeandika wa[[toto]] atampeleka msomaji kwenye ukurasa wa Toto, nalo toto ni neno jingine lenye maana yake ya ukubwa. Kiambishi cha ngeli ni sehemu ya neno na hakitenganishwi nalo katika maandishi. Mabano yasifanye kazi ambayo nafasi kati ya maneno hairuhusiwi kuifanya.

Mwishoni mwa neno mambo ni tofauti, na hapa Kiswahili kinanufaika na tabia iliyokusudiwa wengine. Kiambishi cha mahali -ni huja nyuma, kwa hiyo [[soko]]ni hutoka kama neno moja la buluu, «sokoni», lenye kuelekeza kwenye ukurasa wa Soko. Vivyo hivyo [[pango]]ni, [[shamba]]ni, na hata umiliki uliofupishwa kama [[mama]]ye. Ni njia nzuri, nami nawashauri muitumie bila wasiwasi, mkikumbuka kwamba inatosha tu pale ambapo umbo lililo mbele ya -ni ndilo jina la ukurasa. Kwa «mashambani» itabidi kurudi kwenye kistari: [[shamba|mashambani]].

Sasa jina la ukurasa lenyewe. Napendekeza mfuate desturi ya kamusi zetu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981, huorodhesha nomino kwa umoja pamoja na kiambishi chake, kisha huonyesha wingi na upatanisho kando: mtumbwi umo kwenye herufi M, kitabu kwenye herufi K. Mwanafunzi aliyezoea kufungua kamusi atakisia jina la ukurasa bila kuuliza. Yapo maneno ambayo hayana umoja unaotumika, kama maji na mafuta, nayo yabaki yalivyo. Yapo pia majina ya jamii za watu, ambayo Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, huyaweka katika wingi: Waswahili, Wadigo, Wasukuma. Naona uamuzi huo ni sahihi, kwa kuwa ukurasa unahusu jamii nzima wala hauhusu mtu mmoja. Mtakapomtaja mvuvi mmoja mtaandika [[Wadigo|Mdigo]]. Majina ya makundi ya kurasa, yale yanayotanguliwa na «Jamii:», nayo yaandikwe kwa wingi, kwa mfano Jamii:Zana za uvuvi.

Kuhusu wale wanaoandika [[majahazi]] bila kistari: hawajakosea, ila wanaahidi kitu ambacho lazima mtu akitimize. Kiungo hicho kinatafuta ukurasa uitwao Majahazi. Usipokuwepo, kinakuwa chekundu, na siku moja mwanafunzi mwenye bidii ataubonyeza na kuanza kuandika ukurasa wa pili kuhusu jambo lilelile. Dawa yake ni ukurasa wa kuelekeza: mnaunda Majahazi na kuandika ndani yake mstari mmoja tu, #REDIRECT [[Jahazi]]. Kwa maneno yanayotajwa kila mara, kama wavuvi, nyavu na mitumbwi, kazi hiyo ya dakika chache inastahili, kwani baada yake kila mtu ataandika [[nyavu]] kwa wepesi na kufika kwenye Wavu.

Lakini msiifanye kuwa kanuni ya jumla, na mfano wa kuwaonya uko mlangoni kwenu. Ukurasa unaoeleza kitambaa kinachoshika upepo mngeuitaje? Mkiandika [[tanga]], MediaWiki, ambayo kwa kawaida huikuza herufi ya kwanza ya kila jina la ukurasa, itawapeleka kwenye ukurasa wa Tanga, yaani mji wenu. Mkiandika [[matanga]] kwa maana ya wingi wa tanga, msomaji atatarajia habari za msiba, na atakuwa na haki, kwa sababu matanga ya kuomboleza ni neno linalojitegemea na lina dai lake la kuwa na ukurasa. Hapa ukurasa wa kuelekeza ungeleta upotoshaji mtupu. Uiteni ukurasa wa chombo Tanga (la chombo), kisha mwandike [[Tanga (la chombo)|tanga]] au [[Tanga (la chombo)|matanga]] kadiri sentensi inavyotaka. Mabano ya duara yana faida nyingine ndogo: mkiandika [[Tanga (la chombo)|]] na kuacha upande wa kulia wazi, programu itaondoa maelezo ya ndani ya mabano na kujaza «Tanga» yenyewe wakati wa kuhifadhi. Inakuja na herufi kubwa kama mlivyoiandika, kwa hiyo anzeni kwa herufi ndogo mkiwa katikati ya sentensi.

Maneno pacha ya namna hii ni mengi kuliko tunavyodhani: kaa, paa, tembo, mbuzi. Jambo la kufurahisha ni kwamba upatanisho huyatofautisha hata pale kistari kinapoficha jina la ukurasa. Anayesoma «mbuzi hii ina meno makali» anajua tayari kwamba ni ya kukunia nazi, kabla hajabonyeza chochote. «Mbuzi huyu ana meno makali» ni habari nyingine. Ndiyo maana nasisitiza upande wa kulia wa kistari uachiwe sarufi.

Na ndiyo maana kundi la tatu, la wanaopindua sentensi, ndilo linalonisumbua kuliko yote. Sentensi kama «Katika kijiji hiki maisha ya [[mvuvi]] ni magumu na [[mtumbwi]] ni mchakavu» imeandikwa ili kuridhisha programu, hali mwandishi alikusudia kusema wavuvi wengi na mitumbwi mingi. Msomaji anabaki akijiuliza ni mvuvi yupi. Kiungo ni huduma inayoongezwa juu ya sentensi iliyokwisha kukamilika. Andikeni kwanza aya yote bila mabano, isomeni kwa sauti, kisha ndipo mrudi kuweka viungo.

Katika kurudi huko, mtajiuliza pia kiungo kibebe maneno mangapi. Jina lililo kamili lichukuliwe lote, [[Bahari ya Hindi]], pamoja na kiunganishi chake cha ndani. Kiunganishi kinacholifunga jina hilo na neno la kabla yake kibaki nje: «pwani ya [[Bahari ya Hindi]]». Kivumishi cha kawaida nacho kibaki nje, «[[mlingoti]] mrefu», isipokuwa kama urefu huo ni sehemu ya jina. Vitenzi ningeviepuka kabisa. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, na msomaji anayeona «waliowavulia» katika rangi ya buluu hana njia ya kujua ni kipi kati ya hivyo kinachoelezwa upande wa pili. Tafuteni nomino iliyo karibu, «uvuvi» kwa mfano, muiwekee mabano hayo.

Jambo moja linaruhusiwa katikati ya neno, nalo ni kukoleza. Mnapofundisha viambishi mnaweza kuandika wa'''na'''vua, na silabi ya wakati itatokea kwa herufi nzito bila kulikata neno. Ikiwa siku moja mtahamia programu inayotumia Markdown, mfumo ambao John Gruber aliutangaza mwaka 2004, mtaandika wa**na**vua, kwa vinyota viwili viwili. Msitumie kistari cha chini, kwa kuwa programu nyingi hazikitambui kinapokuwa katikati ya neno. Obsidian, mojawapo ya programu hizo, inafuata mpangilio uleule wa [[jahazi|majahazi]], ila haimezi herufi zinazofuata, kwa hiyo [[soko]]ni itakatika rangi na mtalazimika kuandika [[soko|sokoni]].

Nimalizie na ritifaa. Kiungo chenu cha ng'ambo kinakuwa chekundu kwa sababu kuna ritifaa za aina mbili: iliyonyooka, ambayo hutoka kwenye kibodi ya kompyuta, na iliyopinda, ambayo baadhi ya simu na programu za kuandikia huiweka zenyewe. Kwa jicho letu [[Ng'ambo]] na [[Ng’ambo]] ni neno moja. Kwa MediaWiki ni kurasa mbili. Chagueni iliyonyooka kwa majina yote ya kurasa, kisha muunde ukurasa wa kuelekeza kutoka kwenye iliyopinda. Ndani ya italiki, ambayo nayo huandikwa kwa ritifaa mbili mbili, ''ng'ambo'' haina tatizo. Tatizo huweza kuja katika ushairi, pale silabi inapoachwa mwanzoni mwa neno, kama 'mekwenda kwa amekwenda: ritifaa zinakutana tatu, na tatu ni alama ya herufi nzito. Programu hujaribu kukisia, lakini mstari wenye mikato kadhaa huweza kuichanganya. Wekeni <nowiki/>, alama isiyoonekana kwa msomaji, kati ya alama ya italiki na ritifaa ya neno.

Wapo watakaopendekeza pia ukurasa wa kuelekeza kutoka Ngambo, bila ritifaa, kwa ajili ya wanaotafuta kwa haraka. Sina pingamizi, maadamu neno lisilo na ritifaa halina maana yake lenyewe. Kwa ng'oa msifanye hivyo, kwa sababu ngoa, yaani wivu au tamaa, ni neno halali, na iko siku mwanafunzi wenu atataka kuliandikia ukurasa.