Acha kuniuliza shujaa gani ana nguvu wiki hii

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa msomaji mmoja kutoka Morogoro, mchezaji wa Mobile Legends, ile gemu ya simu ya watano kwa watano. Kaandika hivi: "Kaka, habari za saa hizi. Sasisho jipya limeshatoka. Naomba unitajie shujaa mmoja tu mwenye nguvu kuliko wote, nimchukue nipande ranki. Nimekwama Epic mwezi wa nne huu."

Ujumbe kama huo napata kila mara, na siku zote nimekuwa nikijibu kwa jina moja au mawili, basi. Safari hii mkono umegoma. Jeraha la Jumamosi ya wiki iliyopita bado bichi, na nimeona heri niliseme lote hapa, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnakitaka kile kile ninachokitaka mimi: kupita madaraja ya katikati kama Epic, kufika Mythic ya juu kabisa na kubaki huko, na siku moja kusimama jukwaani na wenzako wanne mkitajwa kwa jina la timu yenu.

Yalikuwa mashindano ya mtaani ya Mobile Legends. Timu 16, ukumbi wa kukodi, kiingilio shilingi 25,000 kwa timu. Mimi ndiye nahodha na ndiye ninayecheza msituni, yaani ninayewinda wanyama wa ramani. Shujaa wangu ni Ling, yule muuaji anayeruka juu ya kuta. Nimecheza naye mechi zaidi ya 1,200. Huku kwetu Temeke, anayeijua gemu hii ananijua mimi na Ling wangu, na hilo nimelitolea jasho, sikupewa na mtu. Kuna usiku nimekaa hadi adhana ya alfajiri nikifanya mazoezi ya kuruka ukuta hadi ukuta peke yangu, bila adui hata mmoja.

Mechi za mwanzo sina haja ya kuzisimulia, tulishinda zote. Fainali ilikuwa ya mechi tatu, anayeshinda mbili ndiye bingwa. Ya kwanza tuliichukua kwa dakika 11. Ya pili wakaturudishia. Tukabaki na ya tatu, na hapo ndipo nilipoiua timu yangu kabla hata mechi haijaanza.

Mnajua uchaguzi wa mashindano ulivyo. Kila timu inafungia mashujaa 5, yaani hakuna anayeruhusiwa kuwachukua, na uchaguzi unapokezana. Upande wetu ndio ulioanza kuchagua, maana yake wao ndio walioshika chaguo la mwisho. Kuanza kuna faida yake, unamwahi shujaa mzuri aliyeachwa wazi. Lakini anayemaliza anajibu, na wewe huna tena la kumjibu. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayezunguka na kuilinda timu, akaninong'oneza: "Kaka, Ling muache kwanza. Ukimtoa mapema wataleta Khufra." Ana miaka 17. Nikamwambia acheze nafasi yake, uchaguzi aniachie mimi.

Nikamchukua Ling chaguo la kwanza kabisa. Watu nyuma yetu wakapiga kelele za shangwe, na nakiri moyo ulinijaa. Wapinzani hata dakika hawakumaliza. Khufra.

Asiyemjua Khufra aelewe hivi: ana uwezo wa kujigeuza mpira unaodunda, na akiwa kwenye hali hiyo, shujaa yeyote anayejirusha kumpita anarushwa hewani, anakwama. Ling maisha yake yote ni kujirusha. Kwa hiyo kila nilipotoka ukutani kumfuata mlenga shabaha wao, Khufra alikuwa amesimama katikati.

Mdogo wangu akachukua Tigreal, akitegemea kuwakusanya maadui watano sehemu moja ili sisi tuwamalize. Chaguo la mwisho wakaleta Diggie, yule bundi. Uwezo mkuu wa Diggie unawavua wenzake kufungwa na kupigwa butwaa kwa muda mfupi, na unazuia wasifungwe tena. Kazi ya Tigreal yote ikawa bure. Na huku kwetu, kwa kuwa nilitaka timu nzima inipishie mimi nipate dhahabu na niwe wa kumaliza, nilimlazimisha kijana wetu wa njia ya katikati aache mchawi wake achukue mpiganaji. Hesabu yenyewe iangalieni: mashujaa wanne wa kutegemewa kuumiza, wote wanapiga kwa nguvu za mwili. Uchawi hakuna. Tanki lao, yule wa kupokea vipigo, likanunua vazi la kujikinga la Antique Cuirass, kisha Blade Armor ambayo inamrudishia mpigaji maumivu yake, na kuanzia hapo tulikuwa tunapiga jiwe kwa ngumi. Wa njia ya dhahabu aliniomba Karrie, ambaye mapigo yake yanakula kwa asilimia ya uhai wa adui, yaani tanki ndilo chakula chake. Nilimkatalia pia.

Kasa, mnyama mkubwa anayetokea dakika ya 2, wakamchukua. Dakika ya 8 alipotokea Lodi, mnyama mkubwa kuliko wote, nilijirusha nimwahi kwa Retribution, pigo la kumalizia wanyama, mpira ukanidaka hewani. Dakika ya 16 ngome yetu ikaanguka.

Sasa sikilizeni nilichofanya baada ya hapo, maana hicho ndicho kinachoniuma kuliko kombe. Nilisimama mbele ya watu nikasema gemu haina mizani. Nikasema Khufra anafaa apunguzwe nguvu, Diggie ni shujaa wa waoga, Ling ameonewa na masasisho. Niliyasema kwa sauti, nikarudia. Kijana wa njia ya katikati akaitia simu mfukoni, akaniambia kwa upole kabisa: "Nahodha, mimi nimechoka kucheza mechi yako. Nilitaka tucheze yetu." Usiku ule akatoka kwenye kundi letu la WhatsApp. Siku ya tatu nikaona picha yake amevaa jezi ya timu iliyotufunga. Yule kijana nimemfundisha mimi, alianza kwenye simu yangu mwenyewe, kwa bando langu. Bado sijampigia. Nitampigia, lakini bado.

Usingizi uligoma siku mbili. Nikaamua kutazama upya mechi za mashindano ya dunia ya M3, yaliyofanyika Singapore, Desemba 2021. Blacklist International ya Ufilipino waliangukia upande wa walioshindwa mapema, walipofungwa na BTK ya Amerika Kaskazini. Timu nyingi zikifika hapo zinaanza kulaumiana. Wao walipanda ngazi moja moja hadi fainali, wakawafunga Onic ya huko huko kwao 4 kwa 0. Silaha yao ilikuwa nini? Estes. Mganga. Shujaa ambaye ukimchukua kwenye ranki zetu za huku, mwenzako anakuuliza kama umekuja kulala. OhMyV33nus, nahodha wao, ndiye aliyekuwa akiponya, na mwenzake Wise msituni mara nyingi alichukua mashujaa wa kuhimili vipigo badala ya wauaji kama Ling wangu. Mtindo wao wakauita UBE, yaani Ultimate Bonding Experience. Walikuwa wanatembea pamoja, wanaumizwa pamoja, wanapona pamoja, na timu iliyojenga ushindi wake juu ya muuaji mmoja mjanja ilikuwa inashindwa pa kuanzia.

Estes hakuwa na nguvu peke yake. Muweke na wenzake wanaotawanyika kila mtu njia yake, hata dakika kumi hamfiki. Nguvu yake ilikuwa katika wale wanne waliokubali kusimama karibu naye.

Na UBE nayo haikudumu milele. Januari 2023, Jakarta, fainali ya M4, ECHO waliifunga Blacklist hiyo hiyo 4 kwa 0. Kila kitu kina jibu lake. Uponyaji unakatwa kwa vifaa kama Sea Halberd na Dominance Ice, au kwa shujaa Baxia ambaye kupunguza uponaji wa adui ni sehemu ya mwili wake. Wachezaji wa ranki ya Epic wanamlalamikia Estes mechi nzima huku hakuna hata mmoja aliyenunua kifaa cha kumkata, na dhahabu wanayo. Nimewaona kwa macho yangu. Nimekuwa mmoja wao.

Hili halipo kwenye gemu moja tu. Kwenye Dota 2, gemu ya kompyuta ya watano kwa watano, mwaka 2019 mjini Shanghai, timu ya OG ilitwaa The International, kombe lake la dunia, kwa mara ya pili mfululizo, na mchezaji wao aitwaye "ana" alimchukua Io, shujaa ambaye dunia nzima ilikuwa inamhesabu msaidizi, akamfanya ndiye wa kubeba mechi. Watu walikuwa naye miaka yote hawakuona, kwa sababu walikuwa wanatafuta jina kwenye orodha ya wenye nguvu.

Kwa hiyo mizani ni nini? Nimeifikiria sana wiki hii. Watengenezaji wanaangalia namba: shujaa anashinda mara ngapi, anachukuliwa mara ngapi, anafungiwa mara ngapi. Lakini namba hizo hazisemi kitu kimoja kwa kila mtu. Mchukue Fanny na kamba zake. Mikononi mwa anayejifunza, Fanny ni zawadi kwa adui, anaishiwa nishati ukutani anauawa. Mikononi mwa fundi, hamuoni hata alikotokea. Ukimpunguza nguvu kwa ajili ya mafundi, wanaojifunza hawamgusi tena. Ukimwongeza kwa ajili ya wanaojifunza, mafundi wanaharibu mechi zote. Hakuna sasisho litakalowaridhisha wote wawili. Ongeza na mtandao wetu: Fanny anataka mtandao usioyumba, na sisi tunajua saa mbili usiku bando linavyokuwa. Orodha ya mashujaa bora uliyoikuta YouTube imetengenezwa na mtu asiyecheza kwa mtandao wako, wala na wenzako.

Basi, msomaji wangu wa Morogoro, na wengine wote mlioniandikia swali hilo hilo. Jifunzeni mashujaa watatu, wa nafasi mbili tofauti. Siyo mmoja. Mimi nilikuwa na mmoja, na siku walipomfungia njia sikuwa na pa kwenda. Kabla ya kuchagua, tazama wenzako wamechukua nani. Wakiwa wote wa mapigo ya mwili, chukua mchawi hata kama hujisikii. Kukiwa hakuna wa kutangulia mbele, tangulia wewe. Shujaa wako unayempenda usimtoe mapema, mfiche hadi uone mwenye kumdaka ameshafungiwa au hakuna aliyemchukua. Na tazama ramani. Nimewahi kuandika hapa juu ya kutazama ramani na ninarudia, tazama ramani, kila baada ya sekunde chache jicho liende pale kwenye kona, kwa sababu nusu ya vifo mnavyoviita uonevu ni mtu aliyekuja kutoka pembeni mkiwa hamumtazami.

Na muache kulia na masasisho. Nawaambia kwa uchungu, kama ndugu. Vijana wengi wenye vipaji wanaozea kwenye Epic wakisubiri shujaa wao aongezewe nguvu. Wiki ikija wanabadilisha shujaa, wiki nyingine wanabadilisha tena, na hakuna hata mmoja wanayemjua vizuri. Kila baada ya kufungwa wanaandika matusi kwa wenzao, kisha wanashangaa kwa nini kila siku wanacheza na watu wasiowajua. Wenzako wanne ndio sehemu ya gemu ambayo hakuna mtengenezaji anayeweza kuipunguza nguvu. Ukiivunja umeivunja mwenyewe, kwa mdomo wako. Jichungeni midomo. Chukueni mganga bila aibu. Chukueni tanki bila kununa. Nunueni kifaa cha kukata uponaji pale adui anapopona, msisubiri mwenzenu anunue, kwa sababu na yeye anakusubiri wewe.

Mdogo wangu nimemuomba radhi Jumanne, tukiwa mezani, mbele ya mama. Hakusema kitu, alinisogezea tu sahani ya samaki. Baadaye usiku tukakaa tukaipitia ile mechi ya tatu mwanzo hadi mwisho, akawa ananisimamisha kila mahali: "Hapa, kaka. Hapa pia." Mahali 14. Nimeziandika zote kwenye daftari.

Tumebadilishana nafasi. Msitu sasa ni wake, na uchaguzi wa mashujaa tunaufanya pamoja, neno la mwisho akiwa nalo yeye. Mimi ndiye ninayetangulia mbele. Tumecheza mechi 9 za kirafiki tangu Jumatano, tumeshinda 6, tukiwa na mtu wa kuazima katikati. Kwenye mechi zote hizo Ling sijamgusa. Nilifikiri ningeumwa, lakini kuna raha yake unapomdaka muuaji wa watu hewani na kusikia mdogo wako akipiga kelele chumba cha pili.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Morogoro, umetaka jina moja, na sitakuacha bila jibu. Niandikie kwanza wenzako wanne wanacheza na nani, na ni nani kati yenu anayekubali kufa wa kwanza. Nitakujibu Jumapili. Leo usiku sipatikani, nina mechi yangu ya 31 nikimchezesha Khufra.