Mwanamichezo kwenye dansi usimdharau

Ndugu, umeuliza kama wanamichezo wanaoingia Dancing with the Stars ya Marekani, yale mashindano ya TV ya mastaa kucheza dansi, wanafika mbali au ni miili mikubwa tu, mi nakwambia usiwadharau kabisa. Emmitt Smith wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, alibeba kombe 2006, Apolo Ohno wa mbio za kuteleza kwenye barafu na Hélio Castroneves dereva wa magari ya mbio wakafuata 2007, Kristi Yamaguchi wa kuteleza kwa madoido kwenye barafu 2008, yaani hawa wamezoea kusikiliza kocha na kurudia kitu kimoja mpaka mwili ushike. Ila wa basketi urefu unawatesa jamani, mpaka 2021 ndo Iman Shumpert akawa wa kwanza wa NBA kushinda. Kwa hiyo ukichagua wa kumshabikia angalia miguu myepesi na mabega yaliyolegea, misuli achana nayo, na kumbuka kura za watazamaji zinajumlishwa na alama za majaji.